Albamu ya Mwisho ya Bendi: Nani Mwenye Haki ya Kuitangaza?

Katika historia ya muziki wa magitaa ya umeme, swali la ipi ni albamu ya mwisho ya bendi fulani huonekana jepesi, na kumbe ni miongoni mwa maswali magumu zaidi. Msikilizaji wa kawaida hudhani kwamba jibu liko kwenye kalenda: zinapangwa kazi zote kwa tarehe za kutolewa, iliyo chini kabisa inatajwa kuwa ndiyo ya mwisho, na mjadala unaishia hapo. Lakini kila kisa kinapochunguzwa kwa karibu hubainika kwamba tarehe ya kutolewa si lazima ifuatane na tarehe ya kurekodiwa, kwamba sauti inayosikika inaweza kuwa ya mtu aliyekwisha kuzikwa, na kwamba bendi yenyewe inaweza kuwa imekwisha kusambaratika huku jina lake likiendelea kuuza. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba albamu ya mwisho ni uamuzi unaotolewa na walio hai, na kwamba uzito wa uamuzi huo unategemea ni nani aliyeutoa na kwa ridhaa ya nani. Hoja hiyo inawahusu watu wa Sangailu, katika eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa, kama inavyowahusu mashabiki wa London, kwa sababu muziki uliopendwa kwa miaka mingi katika ukanda ule, yaani muziki wa bendi za Mogadishu, ulikatizwa na vita bila ya wapigaji wenyewe kupata nafasi ya kusema kwamba kazi yao imefika mwisho.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi kabla ya kuendelea. Roki ni muziki uliochipuka Marekani katika miaka ya 1950 na kushika mizizi Uingereza katika muongo uliofuata, ambao umejengwa juu ya gitaa la umeme, gitaa la besi, ngoma na sauti ya mwimbaji inayopitishwa kwenye vipaza sauti. Albamu ya studio ni mkusanyo wa nyimbo ambazo kikundi kimezirekodi kwa makusudi ya kuzitoa pamoja, ndani ya chumba kilichozibwa ili kelele za nje zisipenye, nayo hutofautishwa na albamu ya jukwaani, inayonasa onyesho mbele ya hadhira, na vilevile na mkusanyo wa nyimbo teule, ambao hurudia kazi zilizokwisha kutoka. Jambo la kiufundi lililo muhimu kuliko yote ni kurekodi kwa njia nyingi, yaani utaratibu wa kuiweka sauti ya kila ala na ya kila mwimbaji katika njia yake peke yake juu ya utepe, ili fundi wa mitambo aweze baadaye kuiongeza hii, kuipunguza ile, au kuiondoa mojawapo na kuweka nyingine mahali pake. Kabla ya utaratibu huo wanamuziki walilazimika kukaa chumba kimoja na kupiga kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Baada yake sauti ya mtu ikaweza kutenganishwa na mwili wake, na wenzake wakaweza kuendelea kupiga pamoja naye miaka kadhaa baada ya kifo chake.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa The Beatles. Sehemu kubwa ya nyimbo za Let It Be ilirekodiwa Januari 1969, ikawekwa kando kwa sababu wanamuziki wenyewe hawakuridhika nayo, kisha wakaingia studio tena na kutengeneza Abbey Road, iliyotoka Septemba mwaka huohuo. Utepe uliowekwa kando ukakabidhiwa mtayarishaji Phil Spector, ambaye aliongeza vinanda vya nyuzi na kwaya, na kazi hiyo ikatoka Mei 1970, mwezi mmoja hivi baada ya Paul McCartney kutangaza kwamba anajitenga na wenzake. McCartney hakuafiki nyongeza zile, na mwaka 2003 likatolewa toleo jipya lililoondolewa mapambo hayo. Kwa hiyo Let It Be ndiyo ya mwisho kutoka, Abbey Road ndiyo ya mwisho kutengenezwa na wanne walioketi pamoja kwa nia hiyo, na toleo la 2003 ni ushahidi kwamba hata miaka 33 baadaye mwanamuziki aliona bado ana haki ya kurekebisha namna bendi yake ilivyoagana na wasikilizaji.

Bendi nyingine zilitoa majibu tofauti na kwa haraka. The Doors, baada ya mwimbaji wao Jim Morrison kufariki dunia Julai 1971, miezi michache tu baada ya L.A. Woman, waliendelea na kutoa albamu mbili bila yeye, ambazo wasikilizaji wengi hawazihesabu. Led Zeppelin walichagua njia iliyo kinyume: mpiga ngoma wao John Bonham alipokufa Septemba 1980, waliosalia walitangaza kwamba hawawezi kuendelea, na albamu iliyotoka 1982 chini ya jina lao ilikuwa ya mabaki ya miaka iliyotangulia. Msimamo huu wa pili una heshima yake, lakini hauwezi kufanywa kanuni kwa wote, kama kisa cha Queen kinavyoonyesha.

Queen na sauti iliyoachwa Montreux

Queen ndiyo bendi ya roki yenye nasaba ya karibu zaidi na Afrika Mashariki, kwa kuwa mwimbaji wake, aliyejulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara na wazazi wake, Waparsi wenye asili ya Gujarat, ambao walikuwa wamekwenda Unguja kwa ajili ya kazi ya baba katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Alisomeshwa katika shule ya bweni ya Panchgani, India, akarudi Unguja alipokuwa kijana, na mwaka 1964, kufuatia Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Queen iliundwa mwaka 1970 na Mercury, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, na ikakamilika mwaka uliofuata alipojiunga mpiga besi John Deacon. Wanne hao hawakubadilishwa hata mmoja kwa miaka 20, jambo ambalo ni nadra katika bendi za aina hiyo, na ndilo linaloufanya ushahidi wao kuwa na uzito.

Mwaka 1987 Mercury aligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi, ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa za kurefusha maisha ya mgonjwa kama zilizopo leo, na ambao uliandamana na aibu kubwa kiasi kwamba aliuficha kwa umma hadi siku moja kabla ya kifo chake, tarehe 24 Novemba 1991. Albamu ya Innuendo ilitoka Februari 1991 akiwa bado hai, naye alishiriki katika kila hatua yake. Wimbo wake wa kuhitimisha, ambao sehemu kubwa ilitungwa na May, unasikika kama kwaheri, na kwa hiyo wapo wanaoshikilia kwamba hiyo ndiyo albamu ya mwisho ya kweli. Hoja yao ni nzito, lakini inapuuza yale yaliyofanyika baada ya Innuendo kutoka. Mercury hakwenda kupumzika. Alirudi Montreux, mji ulio kando ya Ziwa Geneva nchini Uswisi, ambako bendi ilikuwa na studio yake iitwayo Mountain, akawaambia wenzake wamwandikie chochote cha kuimba, naye angeimba kadiri nguvu zitakavyomruhusu, na wao wangemalizia baadaye.

Namna kazi hiyo ilivyofanyika inastahili kutazamwa kwa ukaribu, kwa sababu ndimo lilimo jibu la swali zima. Mgonjwa hakuwa na hakika ya siku atakazoweza kusimama, kwa hiyo mtayarishaji David Richards aliandaa mapigo ya ngoma ya mashine na vinanda vichache, na May akawa anaandika mistari ya wimbo wa Mother Love hapohapo studioni, Mercury akiipokea na kuiimba mmoja baada ya mwingine kabla ubeti haujakamilika. Ilipofika zamu ya ubeti wa mwisho, mnamo Mei 1991, alisema amechoka, kwamba angeumaliza atakaporudi, lakini hakurudi tena. Katika rekodi iliyotolewa, ubeti ule unaimbwa na May, na mtayarishaji hakujaribu kuuficha mshono huo: sauti moja inakoma, nyingine inaingia, na msikilizaji anajua ni kwa nini. Kisha unasikika umati wa uwanja wa Wembley ukiitikia sauti ya Mercury katika onyesho la mwaka 1986, na baada ya hapo kipande cha rekodi aliyoifanya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla Queen haijatoa albamu yake ya kwanza.

Wenzake watatu walichukua muda mrefu kuikamilisha kazi hiyo. Albamu ya Made in Heaven ilitoka Novemba 1995, miaka minne baada ya mazishi, na ikashika nafasi ya kwanza Uingereza. Kwa kuwa nyimbo zilizotoka moja kwa moja katika vikao vya mwisho vya 1991 ni tatu tu, yaani Mother Love, A Winter's Tale na You Don't Fool Me, nyingine zilikusanywa kutoka sehemu mbalimbali: mbili zilikuwa za albamu ambayo Mercury aliitoa peke yake mwaka 1985, nyingine aliiimba kwa ajili ya bendi ya pembeni ya Taylor, nyingine ilibaki katika vikao vya mwishoni mwa miaka ya 1980, na ule wimbo wa kufungulia ulijengwa juu ya kipande kifupi alichokipiga kwenye piano mwaka 1980. Katika zile nyimbo mbili za 1985, ala za awali ziliondolewa na watatu hao wakapiga upya chini ya sauti yake. Huu ni ushonaji wa viraka kwa maana bora ya neno hilo, na sikio makini litatambua kwamba sauti ya 1985, yenye pumzi ndefu na majivuno ya ujana, na sauti ya 1991, nyembamba lakini isiyotetereka, zimewekwa katika albamu moja bila ya kujaribu kuzilinganisha.

Je, hiyo ni albamu ya Queen? Uchambuzi huu unajibu kwamba ndiyo, na unapendekeza masharti mawili ya kulipima jibu hilo. Sharti la kwanza ni ridhaa ya aliyeondoka: Mercury hakurekodiwa kwa siri wala mabaki yake hayakuokotwa jalalani, bali aliiacha sauti yake kwa makusudi, akijua kwamba wenzake watakuja kuijengea nyumba. Sharti la pili ni kuwapo kwa wote waliobaki: May, Taylor na Deacon wote waliketi na kukubaliana. Kwa masharti hayohayo, The Cosmos Rocks ya mwaka 2008, iliyotolewa na May na Taylor pamoja na mwimbaji Paul Rodgers, haiwezi kuitwa albamu ya mwisho ya Queen, hata kama jina la Queen limo katika jalada, kwa sababu Deacon alikwisha kujiondoa katika muziki mnamo 1997 na Mercury hakuwa na lolote ndani yake. Vilevile wimbo wa Face It Alone, uliotoka Oktoba 2022 ukiwa umetokana na vikao vya mwishoni mwa miaka ya 1980, unabaki kuwa nyongeza ya kumbukumbu, haugeuzi hesabu.

Nyumbani alikozaliwa, kumbukumbu ya Mercury haikupokewa kwa sauti moja. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa kufanyika Zanzibar kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilipingwa na kundi la kidini la Uamsho na haikufanyika, na ilichukua hadi Novemba 2019 kwa jumba la makumbusho yake kufunguliwa Shangani, Mji Mkongwe. Wanaopinga wana haki ya msimamo wao, na hakuna anayelazimishwa kusikiliza. Lakini kuhifadhi si kusifu, na jamii inayotunza rekodi ya wanawe hubaki na uwezo wa kujadiliana kuhusu maisha yao kwa ushahidi badala ya uvumi.

Msomaji wa Garissa huenda akapenda kujua kwamba mfano wa mwanamuziki aliyejiandalia mwisho wake kwa ukamilifu zaidi una uhusiano na watu wake. David Bowie, aliyetoa Blackstar tarehe 8 Januari 2016 na kufariki dunia siku mbili baadaye, alikuwa mume wa Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Mogadishu aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Marekani. Bowie hakuwa bendi, kwa hiyo hakuhitaji kukubaliana na mtu yeyote. Bendi haina anasa hiyo. Mwisho wake ni jambo la watu wengi, ambao mara nyingi hawapatani, na mara nyingine hawajui hata kama wenzao wako hai.

Bendi ambazo hazikuulizwa

Afrika Mashariki ina bendi nyingi zilizoishia katikati ya sentensi. Simba Wanyika, iliyoundwa Mombasa mwaka 1971 na ndugu Wilson na George Peter Kinyonga kutoka Tanga, iliishi kwa santuri ndogo zenye wimbo mmoja uliogawanywa pande mbili, na albamu yake ya Pepea ilitolewa Uholanzi mwaka 1992, mwaka aliofariki George. Wilson naye alimfuata mwaka 1995, na bendi ikafa pamoja nao. Hakuna aliyeitangaza Pepea kuwa ya mwisho wakati inarekodiwa. Iligeuka kuwa ya mwisho kwa sababu kifo kiliwahi.

Hali ya bendi za Somalia ilikuwa ngumu zaidi. Chini ya utawala wa Siad Barre, ulioshika madaraka mwaka 1969, muziki ulisimamiwa kwa karibu na serikali: vikundi vikubwa kama Waaberi vilikuwa vya taifa, bendi ya Iftin ilikuwa chini ya Wizara ya Elimu, na rekodi nyingi zilifanywa katika studio za Radio Mogadishu ili zirushwe hewani, si ili ziuzwe. Bendi za watu binafsi, mashuhuri kati yao ikiwa Dur-Dur, ziliishi kwa kupiga katika mahoteli ya mjini, zikichanganya mapigo ya Kisomali na magitaa ya umeme, besi na vinanda kwa namna iliyokaribiana na roki na mtindo wa fanki wa Wamarekani weusi. Kwa kuwa hapakuwa na kiwanda cha santuri cha kuwahudumia wala kampuni ya kuwapa mkataba, kazi ilifika kwa wasikilizaji kwa njia ya kaseti: maduka ya Mogadishu, kama Iftinphone na Shankarphone, yaliweka nakala mama na kuzalisha nyingine kadiri wateja walivyohitaji, nazo zikasafiri mkono kwa mkono.

Sangailu iko karibu zaidi na Kismayu kuliko na Nairobi, na lugha ya wakazi wake wengi ni ileile ya upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba masikio ya ukanda huo yalielekea mashariki. Ikumbukwe pia kwamba Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya 1960 hadi 1991, wakati ambapo mtu wa Ijara aliitazama Nairobi kwa tahadhari, na Nairobi ikamtazama vivyo hivyo. Redio ya betri na kaseti vilikuwa njia ya kujisikia katika lugha ya nyumbani. Kaseti zenyewe zilibeba zaidi ya nyimbo: ndizo zilizobeba mashairi ya kupokezana, kama mnyororo wa Deelley wa mwaka 1979 na 1980 ulioanzishwa na mshairi Gaarriye, na ndizo zilizobeba barua za sauti kati ya jamaa waliotengana.

Tabia ya kaseti inaeleza kwa nini swali la albamu ya mwisho linakuwa gumu katika mazingira hayo. Kila nakala inayochukuliwa kutoka kwa nakala nyingine hupoteza sehemu ya sauti za juu, zile za matoazi na za herufi kama sini na shini, na kuongeza mvumo. Redio yenye betri dhaifu huvuta utepe polepole, na wimbo ukirekodiwa katika hali hiyo hupanda sauti unapochezwa kwa mwendo wa kawaida, na kubaki hivyo katika nakala zote zitakazotokana nayo. Mwenye duka hupanga nyimbo anavyotaka ili zijae dakika 30 za upande mmoja, na zikibaki dakika tatu huongeza wimbo wa bendi nyingine. Juu ya kaseti kuna vijino viwili vya plastiki ambavyo vikivunjwa mashine hukataa kurekodi tena, lakini kipande cha karatasi yenye gundi kikibandikwa penye tundu, zuio hilo huondoka, na hivyo ndivyo nyimbo zisizo na idadi zilivyofutwa ili ipatikane nafasi ya mawaidha, ya barua au ya wimbo mpya. Katika mfumo wa namna hiyo albamu haina umbo lililokamilika. Kazi ya Dur-Dur ya mwaka 1987 inajulikana kwa jina la Volume 5, lakini namba hiyo haimwambii msikilizaji wa Garissa kama mpangilio alioushika mkononi ni ule wa bendi au wa muuza duka.

Kisha ukaja mwaka 1991. Barre alikimbia Mogadishu mwishoni mwa Januari, siku chache kabla Innuendo haijatoka London, na katika miezi iliyofuata wanamuziki wa mji ule walitawanyika kuelekea Ethiopia, Djibouti, Kenya, Ulaya na Marekani, huku makambi ya wakimbizi yakifunguliwa Dadaab, katika Garissa yenyewe. Hakuna aliyepata wasaa wa kuketi Montreux. Hakuna aliyewaambia wenzake wamwandikie ubeti. Kabla ya hapo, mwaka 1988, wafanyakazi wa redio ya Hargeisa walikuwa wamekwisha kuzifukia ardhini kanda zao ili zisiteketee kwa mabomu ya ndege za serikali, na kitendo hicho kinastahili kuhesabiwa miongoni mwa matendo makubwa ya uhifadhi katika Afrika ya karne iliyopita, kwa sababu kilifanywa na watu ambao hawakuwa na uhakika wa kuziokoa roho zao wenyewe.

Miaka 20 na zaidi baadaye, uamuzi wa kipi ni cha mwisho na kipi ni cha kwanza ukaanza kutolewa mbali. Volume 5 ilitolewa upya mwaka 2013 na kampuni ya Kimarekani, Awesome Tapes From Africa. Ostinato Records ya New York ikatoa mwaka 2017 mkusanyo wa nyimbo za kaseti za Pembe ya Afrika, uliopatikana kwa msaada wa hifadhi ya Hargeisa yenye zaidi ya kaseti 10,000, na ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Analog Africa ya Ujerumani ikafuata na mikusanyo ya Mogadishu, zikiwamo kazi za Iftin. Kazi hizo ni neema, na zimewarudishia wanamuziki wazee heshima na mapato ambayo hawakuyategemea. Hata hivyo kampuni hizo ndizo zilizochagua nyimbo, zikaamua mpangilio wake na kuandika maelezo yake, kwa ajili ya wanunuzi ambao wengi wao hawajui Kisomali wala Kiswahili. Wakati huohuo waliokuwa Dur-Dur wameunda London kundi lenye jina linalokaribiana na lile la awali, ambalo mwaka 2023 lilitoa The Berlin Session. Kwa masharti mawili yaliyotajwa hapo juu, kazi hiyo ina nguvu kuliko The Cosmos Rocks, kwa sababu waliotawanywa na vita hawakuacha bendi kwa hiari yao, na kurudi kwao ni kudai haki ya kulisema neno la mwisho wao wenyewe. Lakini haiwezi kuwekwa sawa na Made in Heaven, kwa kuwa wengi wa wale wa kwanza hawakuwapo mezani.

Teknolojia mpya imeufanya uamuzi huo kuwa wa haraka kufanyika. Novemba 2023 wimbo wa Now and Then ulitolewa kwa jina la The Beatles, na sauti ya John Lennon ndani yake ilitolewa katika kaseti ya nyumbani ya miaka ya 1970, ambayo piano yake iliifunika sauti hadi ikashindikana kutumika miaka ya 1990, kabla ya programu za kompyuta kujifunza kuzitenganisha. Mbinu hiyohiyo inaweza kuitoa sauti ya mwimbaji wa Mogadishu katika kaseti iliyochakaa ya Hulugho au Masalani, Kaunti ya Garissa. Inaweza pia kuichukua sauti hiyo na kuitia katika wimbo ambao mwenyewe hakuujua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, ambayo maana yake ni kwamba kazi iliyorekodiwa nchini mwaka 1990 bado ina mwenyewe hadi mwisho wa 2040. Lakini sheria haimsaidii mwenye kazi ambaye hakuna anayejua kwamba kazi yake ipo.

Hapo linaonekana sharti la tatu, linalotangulia yale mawili. Ridhaa ya marehemu na makubaliano ya waliobaki havina pa kusimamia ikiwa utepe wenyewe umepotea. Queen walikuwa na studio yao na mtayarishaji aliyetunza kila kipande. Bendi za Pembe ya Afrika ziliachia kumbukumbu zao katika masanduku ya wasikilizaji, na baadhi ya wasikilizaji hao ni wakazi wa Garissa. Nchini Kenya kazi ya kuwarekodi wasanii wa Kaskazini Mashariki imefanywa kwa bidii na Ketebul Music ya Nairobi, ambayo iliwarekodi Gargar, kundi la akina mama wa Kisomali kutoka Garissa, na kazi hiyo inafaa kuwa mwanzo wa kazi ya kuhifadhi yaliyotangulia, maana kurekodi wapya bila kuokoa ya kale ni kuacha nusu ya shamba bila kuvunwa.

Garissa ina mfano wake wa kuigwa. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianzisha huko maktaba ya ngamia, iliyopeleka masanduku ya vitabu kwa wafugaji wasiofikiwa na barabara, na dunia nzima ikaisifu. Serikali ya Kaunti, maktaba hiyo na Chuo Kikuu cha Garissa wana uwezo wa kuifanya safari hiyo kwa upande wa pili: kukusanya kaseti kutoka Sangailu, Hulugho, Masalani na Ijara, kuzinakili kwa mashine nzuri, kuandika majina ya wapigaji kadiri wazee wanavyoyakumbuka, na kumrudishia kila mwenye kaseti mali yake pamoja na nakala safi. Mwenye kaseti za Mogadishu nyumbani kwake, hata kama hazichezi tena na hata kama yeye mwenyewe ameacha kusikiliza muziki, anaombwa asizifute wala kuzitupa, aziondoe juani, aziweke mahali pakavu, na aandike juu ya kila moja ilikonunuliwa na mwaka iliponunuliwa, maana wazee wanaoweza kuzitambua sauti zilizomo wanazidi kupungua kila mwaka.